Fahamu: Breki za upepo kwenye magari makubwa ya watalii

Ni breki zinazosimamisha gari kwa hewa iliyobanwa badala ya mafuta ya breki. Mabasi, malori ya kubeba watalii na magari-nyumba makubwa yanayopanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu na Ngorongoro mara nyingi huzitumia.

Zinavyofanya kazi

Injini huendesha kompresa, nayo hujaza mitungi upepo. Dereva akikanyaga pedali, upepo husukuma breki za magurudumu.

Ufundi mkubwa uko kwenye breki ya maegesho. Hiyo hubanwa na springi nzito, na upepo ndio unaoiachia. Upepo ukiisha, springi hubana yenyewe. Ndiyo maana gari lililovuja upepo hugoma kuondoka. Kabla springi haijabana, taa na king'ora huonya shinikizo likikaribia paundi 60 kwa inchi ya mraba. Kawaida ni 100 hadi 120.

Kwa nini barabara ya Karatu?

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Manyara, lililo karibu na Mto wa Mbu, liko karibu mita 960. Wakati wa kurudi, gari likiteremka, adui ni joto. Breki ikikanyagwa mfululizo, dramu huchemka na lainingi hupoteza mshiko, hata mitungi ikiwa imejaa. Springi nayo hubana dramu ileile, hivyo haiokoi.

Dereva afanye nini?

Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, tumia breki ya injini, usiteremke na frii kamwe. Mwaga maji yanayokusanyika kwenye mitungi ya upepo kila asubuhi. Taa ya upepo ikiwaka, simama pembeni mara moja.