Vivuli vya magari ya safari: Rahisi yaweza kumaliza mtaji

MFANYABIASHARA mdogo anayetaka kuuza vivuli vya magari ya kambi kabla ya msimu wa kiangazi, unaoanza Juni, ana uamuzi mmoja mgumu. Ama anunue maturubai mepesi ya plastiki kwa wingi na kuyauza kwa bei ya chini, ama aweke fedha zake katika turubai zito linaloshonwa na mafundi wa hapa nchini. Uamuzi huo ndio utakaoonyesha iwapo mtaji wake utarudi ifikapo Oktoba au utalala stoo.

Kivuli kinachozungumziwa hapa ni kile kinachofungwa kwenye keria ya gari, kikakunjuliwa ubavuni na kushikiliwa na nguzo mbili, kamba na mambo. Chini yake wasafiri hula, mpishi hupika na dereva hujipumzisha mchana. Biashara hii imekuzwa zaidi Australia na Afrika Kusini, ambako kampuni kama ARB ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1975, na Eezi-Awn ya Afrika Kusini zimejijengea jina. Ukubwa unaopendwa ni takriban mita 2 kwa 2.5, yaani mita 5 za mraba.

Bidhaa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya safari ngumu. Lakini bei yake ikishajumlishwa na nauli ya meli na ushuru, wenye magari wengi hapa nchini hawaifikii. Hapo ndipo ilipo nafasi ya mfanyabiashara wa Arusha, Moshi au Kariakoo.

SOKO LENYEWE

Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020, kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, idadi hiyo ilishuka hadi 620,867, kisha ikapanda na kufikia 1,808,205 mwaka 2023. Tarakimu hizi zina mafunzo mawili. Kwanza, soko linakua. Pili, linaweza kuanguka kwa zaidi ya nusu katika mwaka mmoja, na aliyefungia fedha zake zote katika shehena ya maturubai akaachwa nazo.

Aidha, si watalii wote hao wanaolala kambini. Wengi hulala hotelini, na wengine huishia ufukweni Zanzibar. Wanunuzi wa vivuli wako katika makundi matatu. La kwanza ni kampuni ndogo za utalii zinazopeleka wageni wa bei nafuu katika kambi za umma, mathalani zile za Seronera ndani ya Serengeti na Simba kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. La pili ni wanaokodisha magari kwa wageni wanaojiendesha wenyewe. La tatu ni wananchi wenye magari yao, wanaokwenda Mikumi, Saadani au Tarangire wakati wa sikukuu.

Makundi haya hayahitaji bidhaa ya aina moja. Kampuni ya utalii hufungua na kukunja kivuli karibu kila siku ya msimu. Familia hukitumia mara tatu au nne kwa mwaka. Mwenye duka anayewauzia wote turubai lile lile atapoteza kundi moja, na mara nyingi litakuwa lile lenye fedha.

KITAMBAA KIPIMWE KWA GRAMU

Mnunuzi wa jumla asikubali maelezo ya “zito” au “jepesi”. Aulize gramu kwa mita ya mraba. Maturubai ya plastiki yaliyofumwa, yanayouzwa kwa rangi ya buluu au kijani, yanaweza kuwa na gramu 80 hadi 200. Kipimo kizuri cha kulinganishia ni yale ya mita 4 kwa 5 yanayotolewa kwa wakimbizi, ambayo yana takriban gramu 200 na huwekewa dawa ya kuhimili jua. Turubai la mchanganyiko wa pamba na poliesta, linalotumika katika mahema ya safari, huwa karibu na gramu 300. Turubai la malori lililopakwa plastiki huvuka gramu 500. Ni imara mno, lakini uzito wake ni mateso kwa keria na kwa anayelikunja.

Adui wa kwanza wa plastiki nyepesi ni jua. Miale mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na ukingo wa Ngorongoro uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Plastiki isiyo na dawa ya jua hukauka, ikapasuka kwenye mikunjo, kisha ikaanza kumwaga vipande. Turubai la pamba hustahimili zaidi na chini yake pana ubaridi, ila likikunjwa likiwa bichi huota ukungu na kuoza. Muuzaji amweleze mnunuzi jambo hilo siku ya kuuza, asisubiri alalamike.

Ipo pia neti ya kivuli inayotumiwa na wakulima wa mboga na maua. Iliyoandikwa asilimia 80 huzuia kiasi hicho cha mwanga, nayo hupitisha upepo. Haizuii mvua, lakini kwa safari za Julai hadi Septemba ni bidhaa halali ya bei nafuu, ilimradi mnunuzi aelezwe ukweli.

UPEPO NA MAJI

Vivuli vingi huharibikia kwenye nguzo na mashono kabla kitambaa chenyewe hakijachoka. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukiligonga bapa turubai la mita 5 za mraba, hulisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 31 hivi. Upepo ukiongezeka maradufu hadi kilomita 72, nguvu hiyo haiwi mara mbili bali mara nne, karibu kilo 125. Nguzo nyembamba hupinda, mambo hung’oka, na bomba linaloruka linaweza kumuumiza mgeni. Kampuni iliyopatwa na mkasa huo hairudi dukani.

Mvua nayo ina hesabu yake. Milimita 10 za mvua juu ya mita 5 za mraba ni lita 50, yaani kilo 50, iwapo maji yatatuama. Kwa hiyo upande wa nje lazima uwe chini kuliko upande wa gari ili maji yatiririke. Mashono nayo yaelekee kwenye mteremko, yasiukate, maana maji hutuama kwenye mshono uliolala.

Kamba za katani ni imara na zinapatikana nchini, lakini zikilowa hujikaza na kuweza kung’oa mambo. Zilegezwe kabla ya mvua. Za nailoni hulegea zikilowa, na huhitaji kukazwa upya.

USHURU NA FUNDI

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005 uliweka ngazi tatu za ushuru: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Kivuli kilichoshonwa tayari, pamoja na mahema na maturubai, huwekwa katika kifungu cha forodha namba 6306. Kitambaa cha jora kilichopakwa plastiki kiko kwingine, kifungu 5903.

Umuhimu wake ni huu. Mzigo wa thamani ya shilingi 100 ukitozwa ushuru wa asilimia 25 unakuwa 125, na VAT ya asilimia 18 juu yake inaufikisha 147.50, kabla ya tozo nyingine na gharama za wakala. Ukitozwa asilimia 10 unafikia 129.80. Mwagizaji amwulize wakala wake wa forodha ngazi halisi ya kila bidhaa kabla ya kulipia oda, wala asingoje mzigo ufike bandarini.

Fundi wa hapa ana faida nyingine: hushona kwa kipimo cha gari. Kwa jora la upana wa mita 1.5, vipande viwili vya mita 2.2 vikiunganishwa hutoa kivuli cha karibu mita 2.8 kwa mita 2 baada ya pindo. Hiyo ni mita 4.4 za kitambaa, bila mabaki ya kutupa. Anayeng’ang’ania mita 2.5 kamili kwa kuwa ndivyo katalogi inavyosema hukata kitambaa alichokilipia na kukitupa. Uzi uwe wa poliesta, na kila pembe iongezewe kipande cha pili kabla ya kupigwa pete.

HESABU YA MTAJI

Tuchukulie tarakimu za mfano tu. Kivuli cha plastiki kinauzwa shilingi 40,000 na kinadumu safari 4. Kila safari imegharimu shilingi 10,000. Kivuli cha turubai kinauzwa shilingi 160,000 na kinadumu safari 40; kila safari ni shilingi 4,000. Kwa kampuni ya utalii, kile cha bei kubwa ndicho rahisi. Kwa familia inayosafiri mara moja kwa mwaka, kile cha plastiki au cha neti kinatosha, na hakuna sababu ya kuidharau fedha yake.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo asijaze stoo kwa bidhaa ya aina moja. Ashone vivuli vichache vya turubai kama sampuli, avipeleke kwa kampuni za utalii mwezi Aprili na Mei wakati magari yako gereji, na achukue malipo ya awali kabla ya kununua majora zaidi. Maturubai mepesi na neti ayaweke kidogo kidogo kwa wateja wa sikukuu.

Vilevile ipo njia ya kukodisha. Kivuli kilichogharimu shilingi 150,000 kikikodishwa kwa shilingi 10,000 kwa siku hurudisha fedha yake baada ya siku 15, na siku zinazofuata ni za matengenezo na faida. Plastiki nyepesi haifiki huko.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Katika biashara hii huvunja pia uaminifu wa mteja. Duka linalomwambia mnunuzi, kabla hajatoa fedha, kwamba turubai hili ni la safari nne na lile ni la safari arobaini, ndilo litakalomwona tena Juni ijayo.