Askari, kitambi na futi ya fundi

Septemba 30, 2025, majenerali na maadmirali wa Marekani waliitwa kutoka kila pembe ya dunia hadi kambi ya Quantico, jimbo la Virginia. Hawakuelezwa mapema wanaitiwa nini, na uvumi ukatanda. Walipofika, sehemu kubwa ya waliyoyasikia kutoka kwa Pete Hegseth, waziri anayesimamia majeshi hayo, ilihusu vitambi na ndevu. Alisema amechoka kuona askari wanene, na kwamba majenerali wanene katika korido za Pentagon hawavumiliki tena. Kila mwanajeshi, hata mwenye nyota nne begani, atapimwa urefu na uzito mara mbili kwa mwaka. Ndevu nazo zinyolewe.

Hakuna raia atakayeandamana kutetea vitambi vya wanajeshi. Mtu anayelipwa kubeba bunduki, maji na mwenzake aliyejeruhiwa hana budi kuwa na mwili unaoweza kazi hiyo. Ugomvi uko kwenye kipimo.

Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, hadi hivi karibuni askari alianza kwa mizani na jedwali la urefu. Alipozidi uzito wa jedwali, ilitolewa futi, ndugu ya ile anayovaa fundi cherehani shingoni. Askari husimama bila viatu, kwa fulana na kaptula ya mazoezi, mikono imelegea ubavuni. Futi huzungushwa usawa wa kitovu, sambamba na sakafu, na husomwa baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Anayepima huwa na mwenzake wa kuandika na kuhakikisha futi haijapinda mgongoni. Nusu inchi hapo ina uzito wake. Anayezidi kiwango husimamishiwa kupandishwa cheo na kwenda kozi, kisha huingizwa kwenye mpango wa kupunguza mwili na kupimwa kila mwezi. Asipopungua, anaweza kuonyeshwa mlango.

Viwango vyenyewe vilitofautiana kwa umri na jinsia. Kijana wa kiume wa miaka 17 hadi 20 aliruhusiwa mafuta yasiyozidi asilimia 20 ya mwili, na mwenye miaka 40 na zaidi asilimia 26. Kwa wanawake wa rika hizo ilikuwa asilimia 30 na 36.

Tangu lini futi ikajua mafuta ya ndani ya mwili? Mwaka 1981 Wizara ya Ulinzi ilitoa agizo la kudhibiti uzito katika vikosi vyote. Miaka mitatu baadaye watafiti wawili wa Jeshi la Majini, Hodgdon na Beckett, wakatunga kanuni ya hesabu: kwa mwanamume unapima tumbo na shingo, kwa mwanamke unapima kiuno, nyonga na shingo. Ni rahisi, haihitaji umeme wala maabara, na kwa wastani wa watu wengi inakaribia ukweli. Lakini kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa asilimia 3 au 4, pengo linalotosha kumwangusha asiye na kosa na kumpitisha mwenye nalo.

Askari nao si wajinga. Kwa kuwa shingo nene ilipunguza asilimia ya mafuta kwenye hesabu, wapo waliofanya mazoezi ya kunenepesha shingo. Wengine wamefunga kula, wamejifungia kwenye chumba cha mvuke, wamejizungushia plastiki tumboni au wamemeza dawa za kuharisha kuelekea siku ya kupimwa. Mwanamke aliyejaliwa nyonga aliadhibiwa na kanuni hata kama alikuwa anawaacha wenzake nyuma kwenye mbio.

Jeshi lenyewe lilikuja kuliona hilo. Machi 2023 liliamua kwamba askari aliyepata alama 540 kati ya 600 katika mtihani wa nguvu, bila kushuka chini ya 80 kwenye zoezi lolote, asiguswe na futi kabisa. Juni mwaka huohuo likaacha shingo na nyonga, likabaki na kitovu peke yake. Wanamaji wa Marine walikuwa na msamaha wao tayari: aliyepata 285 kati ya 300 katika kila mmoja wa mitihani yao miwili, mafuta yake hayakuulizwa. Ukisoma vizuri, huko ni kukiri kwamba kuna watu imara waliokuwa wakifelishwa na futi.

Shida ni kwamba futi imebebeshwa kazi mbili. Ya kwanza ni ya afya, na hiyo ina mashiko, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo. Ya pili ni sura. Kanuni za Jeshi la Nchi Kavu zimempa kamanda mamlaka ya kuagiza askari apimwe mafuta hata kama uzito wake uko sawa, ilimradi kamanda aone hafanani na askari. Kufanana na askari! Hapo ndipo macho ya bosi yanapogeuka kuwa kipimo.

Na suala la sura haliishii tumboni. Mwenye nywele za kipilipili akinyoa kila siku, ncha ya unywele hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hutoka vipele, usaha, hata makovu. Wanaume weusi ndio wanaoumia zaidi, na kwa miaka mingi cheti cha daktari kiliwaruhusu kubaki na ndevu fupi. Kwa agizo la Agosti 2025, atakayehitaji ruhusa hiyo hata baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa matibabu atafikiriwa kuondolewa jeshini. Hoja ya kinyago cha gesi kukosa kubana usoni ni ya kweli na isipuuzwe. Hata hivyo Uingereza, ambayo nayo hutumia vinyago vya gesi, iliruhusu ndevu katika jeshi lake la nchi kavu Machi 2024.

Haya yanatuhusu. Mpango wa MAVNI, ulioanza kusajili mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2016, uliwapa uraia wa haraka wahamiaji wenye lugha ambazo jeshi la Marekani lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Kwa njia hiyo na nyingine, watoto wetu wamo katika kambi za Texas na Carolina, na wembe huo unawasubiri kila asubuhi.

Nyumbani mizani husomwa upande wa pili. Matangazo ya usajili wa makurutu wa Kenya yamekuwa yakitaja uzito wa chini: kilo 54.55 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Wasiwasi ni wembamba. Marekani nayo ilipitia huko: makurutu waliokataliwa kwa utapiamlo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndio walioisukuma kupitisha sheria ya chakula cha mchana shuleni mwaka 1946. Baadaye hali ikageuka: mwaka 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilikosa takriban askari 15,000 wa lengo lake la usajili, likafungua kozi maalumu huko Fort Jackson ambako, pamoja na mengine, vijana waliozidi unene kidogo hupunguzwa kwanza kabla ya kuanza mafunzo.

Kwa maoni yangu, kiuno kipimwe na daktari, na matokeo yabaki kwenye faili la afya. Cheo kiamuliwe kwa mbio, mzigo na kazi. Lakini mimi siandiki kanuni za Pentagon. Kwa hiyo wewe kijana uliye Minneapolis au Houston unayefikiria kujiandikisha, jipime kiuno mapema na upungue taratibu, bila dawa za kuharisha. Na kama wembe unakutoa vipele, muulize afisa wa usajili kuhusu ndevu kabla hujatia sahihi, na umwombe akuonyeshe jibu lake kwenye maandishi.