Kabla ya Kufungua Till, Uliza Hitaji: Somo Kutoka Kuruwitu

Wateja wengi hutuuliza: "Nifungue till ya biashara ama niendelee na laini yangu ya kawaida?" Sisi nasi huuliza: shida yenyewe ni gani? Wachambuzi wa biashara huanzia hapo. Hutenganisha hitaji na suluhisho, kisha huangalia wadau, mazingira, badiliko lenyewe na thamani itakayopatikana. Ni maneno sita tu, na si lazima uwe na digrii kuyatumia. Mfano mzuri uko hapa pwani, Kuruwitu, kaunti ya Kilifi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 samaki walikuwa wamepungua sana Kuruwitu. Uvuvi ulikuwa umezidi, na ukamataji wa samaki wa mapambo kwa soko la ng'ambo ukaongeza mzigo. Mvuvi anayerudi na kapu nusu ni rahisi kusema anahitaji wavu mkubwa zaidi. Ukimsikiliza kwa haraka, utamkopesha anunue. Lakini wavu ni suluhisho, tena suluhisho la kumaliza wale wachache waliobaki. Hitaji lake ni kipato kisichokauka, na hicho hakipatikani kama samaki hawana pa kuzaana.

Mwaka 2003 wakazi waliunda Kuruwitu Conservation and Welfare Association. Kwenye jina hilo uhifadhi na ustawi wa watu vinakaa pamoja, na sisi tunaona hapo ndipo hitaji lilipotajwa sawasawa. Mwaka 2005 walitenga hekta 30 za bahari na kusimamisha uvuvi ndani yake, eneo la kwanza la aina hiyo kusimamiwa na jamii nchini Kenya. Samaki wakarudi, na wageni wakaanza kuja kuogelea na kuwatazama. Mwaka 2017 chama kilipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Pagumu ni kwa wadau. Ukifunga sehemu ya bahari, gharama ya kwanza humwangukia aliyezoea kuvua pale pale. Samaki hawazaani kwa wiki moja, naye ana watoto wa kulisha jioni hiyo hiyo. Nyuma yake kuna mama karanga anayenunua na kukaanga, na kuna tajiri anayepeleka mzigo mjini. Ukihesabu thamani bila kuuliza nani analipa sasa na nani atavuna baadaye, bado hujachambua kitu.

Sasa tuje kwa simu yako. Tuseme mama karanga anaona anahitaji mkopo. Kwanza aangalie stetimenti ya miezi mitatu. Akikuta pesa za samaki, karo na za kutumia nyumbani zote zinapita laini moja, hawezi kujua faida yake ni ngapi. Hapo till itamsaidia, maana hela ya biashara itakaa kando. Lakini akikuta mauzo hayafiki kwenye simu kwa sababu nusu ya wateja ni wa "nitakulipa kesho", daftari la madeni litamfaa kuliko till. Tunasema hivyo ingawa till ni bidhaa yetu.

Chama kinachotaka kuhamisha michango kutoka kwa pesa taslimu hadi kwa simu kina kazi zaidi. Je, nyanya mwenye kabambe ataweza kuona salio la chama, ama ataambiwa tu? Mweka hazina atatoa pesa peke yake? Wekeni waidhinishaji wasiopungua wawili, na kila mtu abaki na PIN yake. Halafu kuna mazingira: msimu wa kusi bahari ikichafuka, mvuvi hapati anachopata wakati wa kaskazi. Mchango ulio sawa mwezi kwa mwezi utamtoa kwenye chama, hata mfumo uwe mzuri namna gani.

Kabla hujabadilisha chochote, andika leo mauzo ya wiki, makato ya kutuma na kutoa pesa, na madeni ambayo hayajalipwa. Kuruwitu wana urahisi mmoja: eneo lililofungwa limepakana na linalovuliwa, kwa hivyo wanaweza kulinganisha. Wewe utahitaji karatasi hiyo, pamoja na stetimenti mpya baada ya miezi mitatu.