Nyumba ya Kupangisha Inayonunuliwa kwa Picha

Nyumba ya bei nafuu, tayari ina wapangaji, huonekana fursa nzuri kwa Mtanzania anayeishi Muscat au London. Dalali wa Masasi au Newala hutuma picha kwa simu: rangi mpya, bati linang'aa. Picha haioneshi kenchi zilizoliwa na mchwa, wala simtanki tupu. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema. Yakikatika, mpangaji hununua kwa madumu, na nyumba isiyo na kisima cha kuvunia mvua hukimbiwa.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye karatasi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si hati miliki. Nyumba ya marehemu huuzwa na ndugu mmoja bila msimamizi wa mirathi. Nyumba ya ndoa huuzwa bila ridhaa ya mwenza, jambo ambalo Sheria ya Ndoa ya 1971 inalikataza. Inasikitisha, maana upekuzi katika ofisi ya ardhi ungeyafichua mengi kabla ya fedha kutumwa. Aliyechukua uraia wa nje anaweza kukutana na kizuizi kingine: kwa kanuni ya jumla, Sheria ya Ardhi ya 1999 humruhusu asiye raia kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu.

Kodi ya pango nayo hufuata msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba, mji huchangamka na vyumba hujaa. Msimu ukiisha, baadhi hubaki vitupu, huku mnunuzi akiwa amepigiwa hesabu ya miezi 12.