Upweke katika mkoa unaofurika watu: jinsi ujirani unavyolinda afya Katavi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958 katika Mkoa wa Katavi. Miaka kumi kabla, mkoa ulipokuwa ndiyo kwanza umemegwa kutoka Rukwa, walikuwa 564,604. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo, ambayo ni wastani wa asilimia 7.1 kwa mwaka, na ongezeko la kiasi hicho haliletwi na uzazi pekee. Wengi wamefika wakiswaga ng'ombe, wengine kwa mabasi au kwa treni ya Kaliua hadi Mpanda, wakitafuta malisho, mashamba na dhahabu. Kila aliyehamia aliacha nyuma watu waliomfahamu tangu utotoni. Kwa sababu hiyo, Katavi ni mahali panapofaa kulitazamia jambo ambalo wataalamu wa afya duniani wameanza kulipa uzito sawa na shinikizo la damu na uvutaji wa tumbaku. Jambo hilo ni upweke.

Mwezi Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume ya kushughulikia uhusiano wa kijamii, na ripoti yake ilitolewa Juni 2025. Ripoti hiyo inakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka vinahusishwa nao. Tumezoea kusema kuwa upweke ni maradhi ya Ulaya, ya watu waliojifungia katika majengo ya ghorofa. Takwimu za tume zinasema vingine: katika nchi zenye kipato cha chini takribani asilimia 24 ya watu walieleza kuwa ni wapweke, ilhali katika nchi tajiri ni asilimia 11 hivi.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuwa peke yako si sawa na kuwa mpweke. Mrina asali wa Inyonga, wilayani Mlele, anaweza kukaa msituni siku kadhaa akikagua mizinga yake bila kusikia sauti ya mtu, na asiwe mpweke hata kidogo, kwa kuwa anajua nyumbani kuna wanaohesabu siku za kurudi kwake. Kinyume chake, mtu anaweza kulala katika nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi mjini Mpanda, akasalimiwa asubuhi na jioni, na bado akiugua usiku asijue abishe hodi mlango upi. Upweke ni pengo kati ya uhusiano anaouhitaji mtu na ule alio nao.

Pengo hilo hufanya kazi ndani ya mwili. Marehemu John Cacioppo, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi, aliufananisha upweke na njaa: ni ishara ya kumkumbusha binadamu kwamba anakosa kitu asichoweza kuishi bila hicho. Binadamu wa kale aliyetengwa na kundi lake alikuwa hatarini, hivyo mwili wake ulikaa katika hali ya tahadhari. Mwili wa leo haujabadilika. Homoni ya kotisoli hupanda, shinikizo la damu huongezeka, na usingizi hukatikakatika kama wa mlinzi anayesikiliza kila mlio. Hali hiyo ikidumu kwa miezi na miaka, moyo na mishipa ya damu huchakaa na kinga ya mwili huyumba.

Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Sheldon Cohen nchini Marekani waliwadondoshea virusi vya mafua puani watu 276 wenye afya njema waliojitolea, kisha wakawaweka karantini. Waliokuwa na aina chache za uhusiano, moja hadi tatu, walikuwa katika hatari ya kuugua zaidi ya mara nne ikilinganishwa na waliokuwa na aina sita au zaidi. Neno la kuzingatia ni "aina". Kilichopimwa hakikuwa wingi wa marafiki, bali namna mbalimbali za kuhusiana na watu: mwenzi, mzazi, jirani, mfanyakazi mwenza, muumini mwenza, mwanachama wa kikundi. Miaka kumi na mitatu baadaye, uchambuzi uliojumuisha tafiti 148 na watu zaidi ya 300,000 ulionyesha kuwa wenye uhusiano imara wa kijamii walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa takribani asilimia 50, katika kipindi walichofuatiliwa.

Ukiyachukua maelezo hayo ukayapeleka katika machimbo ya dhahabu ya Mpanda, unaelewa jambo ambalo macho huweza kulipita. Kijana anayechimba pale amezungukwa na wenzake hamsini, ila uhusiano wake wote ni wa aina moja. Shimo likikosa mawe yenye dhahabu, kundi linatawanyika na yeye anabaki bila mtu. Jioni mahali pekee pa kukutana ni kilabuni, na pombe ndiyo kiingilio. Si haki kumlaumu kwa ulevi tu bila kuuliza kama kuna mahali pengine anapoweza kuketi na watu.

Binti aliyepata mimba akiwa shuleni hupoteza zaidi ya masomo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 uliikuta Katavi ikiongoza nchini kwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wamekwishaanza kuzaa au ni wajawazito. Binti huyo huwakosa kwa siku moja wenzake wa darasani, walimu na wachezaji wenzake, na wakati mwingine hata baba yake huacha kumsemesha. Uamuzi wa Serikali wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua ulielezwa zaidi kama hatua ya elimu. Kwa mtazamo wa afya, unamrudisha pia miongoni mwa watu.

Upweke hubadili tabia kwa njia nyingine ngumu kuitambua: mtu aliyekaa nao muda mrefu huanza kuwaogopa wale anaowahitaji. Huona dharau katika salamu iliyochelewa, hujitenga kabla hajatengwa, na majirani nao humwona mwenye kiburi. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, bibi kizee anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, amewahi kugeuziwa tuhuma za uchawi na hata kuuawa. Jirani anayeingia ndani kwake kila siku kumchotea maji hawezi kuamini kwa urahisi hadithi ya namna hiyo.

Katavi ina historia ya watu waliowahi kuanza upya kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakimbizi kutoka Burundi walipewa ardhi ya msitu huko Katumba, na mwishoni mwa muongo huo makazi mengine yakafunguliwa Mishamo. Walifyeka, wakalima, wakajenga makanisa na shule, wakazikana. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa kuwapatia suluhisho la kudumu, pamoja na wenzao wa Ulyankulu mkoani Tabora, na takribani asilimia 80 walichagua uraia wa Tanzania. Mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa. Hata hivyo, mpango wa awali uliwataka wahame na kutawanywa katika mikoa mingine kabla ya kupokea vyeti vyao.

Kwa hesabu ya ardhi na utawala, mpango huo ulikuwa na mantiki yake. Kwa hesabu ya Cohen, kila kaya ingepoteza kwa mkupuo mmoja karibu aina zote za uhusiano ilizojijengea kwa takribani miaka arobaini: majirani, washirika wa kanisani, wanunuzi wa mazao, pamoja na makaburi ya wazazi. Utekelezaji wa uhamisho ulisitishwa mwaka 2011. Kuanzia Oktoba 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa bila sharti la kuhama. Leo Katumba imo katika Halmashauri ya Nsimbo na Mishamo katika Wilaya ya Tanganyika, na wenyeji wake wanaendelea kuzikana palepale.

Vyombo vya kuunganisha watu vipo mkoani, ingawa havikuanzishwa kwa jina la afya: vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya kufa na kuzikana, kwaya, timu za mpira, mabaraza ya wazee. Udhaifu wake ni kwamba humpokea aliyekwisha kujulikana. Mgeni wa mwezi mmoja hana wa kumdhamini, naye ndiye mwenye uhitaji mkubwa zaidi. Viongozi wa vitongoji na mitaa, ambao huandikisha wageni, wana nafasi ya kumwonyesha mgeni kikundi kilicho jirani siku ileile anapoandikishwa, na hilo halihitaji bajeti.

Katika zahanati jambo hili hujitokeza waziwazi. Mgonjwa anayeanzishiwa dawa za kifua kikuu, anazopaswa kuzinywa kwa miezi isiyopungua sita, huombwa amtaje mtu wa kumsimamia nyumbani. Wapo wanaonyamaza wakiulizwa swali hilo. Si lazima anayetajwa awe ndugu, jirani anatosha. Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchini katika miaka mitano, umekusudia kumweka mtu wa aina hiyo karibu na kila kaya, na mgonjwa asiye na mwingine wa kumtaja anaweza kumtaja mhudumu huyo.