Jina Moja, Mahali Pengi: Majina ya Mahali Yanayofanana katika Eneo la Arusha na Mlima Meru

Utangulizi

Olasiti ni kata iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Arusha. Jina hilohilo linabebwa na kijiji kilicho jirani na Minjingu, wilayani Babati, katika Mkoa wa Manyara. Upande wa Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro na mkabala na Tarakea, upo mji mdogo uitwao Ilasit. Anayesoma ramani hukabiliwa na maswali matatu. Je, hili ni jina moja au ni majina matatu? Kama ni moja, ni watu waliolihamisha au ni lugha iliyolizaa mara kadhaa? Na kama si moja, ni nini kinacholifanya lionekane moja?

Maswali ya namna hii ni ya kawaida katika taaluma ya majina ya mahali, na hayahusu Afrika Mashariki peke yake. Nchini Uturuki, kwa mfano, jina Karasu ni la mito kadhaa na pia la mji, na Karadağ ni jina la milima mingi. Mtu asiyejua Kituruki anaweza kudhani kwamba ukoo mmoja ulitembea nchi nzima ukiacha jina lake kila ulipolala. Anayekijua husikia jambo jepesi zaidi: kara ni "-eusi", su ni "maji", dağ ni "mlima". Popote palipo na maji meusi, msemaji wa Kituruki angeweza kusema Karasu bila kuiga mtu yeyote.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kufanana kwa majina hakutoshi kuthibitisha asili moja, wala kutofautiana kwake hakutoshi kuikanusha. Ushahidi hupatikana kwanza katika sarufi ya lugha iliyotoa jina, kisha katika historia ya watu waliolitumia. Mifano imechukuliwa katika eneo linalozunguka Mlima Meru, ambako Kimaasai, Kimeru na Kiswahili vimekutana kwa muda mrefu.

Majina yaliyozaliwa na maelezo

Katika Kimaasai, nomino hubeba kiambishi awali kinachoonyesha jinsi na idadi. Ol- ni cha jinsi ya kiume katika umoja na il- katika wingi. En- ni cha jinsi ya kike katika umoja na in- katika wingi. Neno la sifa nalo hupatana na nomino. Mzizi wenye maana ya "-eusi" huwa orok unapofuata nomino ya kiume, na narok unapofuata nomino ya kike. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe husema "mlima mweusi" lakini "maji meusi".

Neno la Kimaasai lenye maana ya "maji" ni enkare, ambalo katika maandishi mengi limeandikwa engare. Nalo ni la jinsi ya kike. Kutokana nalo yamepatikana majina matatu katika ukanda wa Meru na Kilimanjaro. Ngarenaro, kata ya Jiji la Arusha, ni enkare narok, yaani "maji meusi". Ngarenanyuki, kata ya Wilaya ya Meru kaskazini-mashariki ya mlima, ni "maji mekundu". Ngare Nairobi, katika Wilaya ya Siha, ni "maji baridi".

Majina haya matatu yana ndugu zake nchini Kenya: Narok, Nanyuki na Nairobi. Tofauti iliyopo ni ya kupendeza. Upande wa Kenya, miji hiyo imebaki na neno la sifa tu, na nomino imedondoka: Nairobi ni "yaliyo baridi", bila kusema ni nini kilicho baridi. Upande wa Tanzania, nomino imebaki pamoja na sifa yake. Kwa hiyo Narok na Ngarenaro, ambayo katika orodha ya alfabeti hayakai hata kwenye ukurasa mmoja, ni jina lilelile. Hakuna haja ya kutafuta msafara uliotoka Narok kuja Arusha. Inatosha kujua kwamba wasemaji wa lugha moja waliyatazama maji na kuyaeleza kwa rangi yake na kwa ubaridi wake.

Milima nayo imeitwa hivyo hivyo. Kwa Wamaasai, Mlima Meru ni Oldoinyo Orok, "mlima mweusi". Na mlima ulio karibu na Namanga, upande wa Kenya, huitwa Oldoinyo Orok pia. Hapa neno la sifa ni lilelile lililomo katika Ngarenaro, ila limevaa kiambishi cha kiume. Miti vilevile hutoa majina. Oloirien ni mzeituni mwitu, na jina hilo linapatikana katika Jiji la Arusha, ambako huandikwa Olorien, na tena katika Wilaya ya Ngorongoro.

Kiswahili hakikukaa kando katika jambo hili. Wilayani Meru ipo Maji ya Chai, iliyoitwa hivyo kwa rangi ya maji yake. Jina Maji Moto linapatikana karibu na Ziwa Manyara, katika Mkoa wa Katavi, na katika Kaunti ya Narok nchini Kenya. Hakuna Mswahili anayeuliza ni Maji Moto ipi iliyoizaa nyingine, kwa sababu maana ya jina ingali wazi masikioni mwake. Swali la asili moja huzuka pale tu maana inapojificha.

Kiswahili na kufichika kwa maana

Maana hujificha jina linapotoka katika lugha moja na kuingia katika nyingine. Kiswahili hupendelea silabi wazi, yaani silabi inayoishia na irabu. Ndiyo maana narok ilipoteza konsonanti yake ya mwisho na kuwa naro katika Ngarenaro. Irabu ya mwanzo ya enkare nayo ilidondoka, ikabaki ngare, umbo ambalo msemaji wa Kiswahili hulitamka bila taabu. Mipaka ya maneno ilifutika, na kirai cha maneno mawili kikawa neno moja lisilochambulika.

Mfano wa Ngaramtoni unaonyesha hatua ya mbele zaidi. Katika maandishi ya zamani mahali hapo huonekana kama Engare Ol Motonyi, jina linalounganisha "maji" na olmotonyi, ndege mkubwa. Sehemu ya pili ingali hai jirani, katika jina la Olmotonyi penye Chuo cha Misitu. Lakini sikio la Mswahili lilisikia mtoni, neno lake mwenyewe, na likalikubali, kwa vile palikuwa na maji kweli. Kisha jina hilo likapewa viambajengo vya Kiswahili, na leo kuna Ngaramtoni ya Juu na Ngaramtoni ya Chini. Hivyo Ngaramtoni na Olmotonyi, majina mawili yaliyotoka katika chemchemi moja, yanaonekana leo kama wageni wasiojuana.

Majina yaliyohama na watu

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila jina linalojirudia ni maelezo yaliyozaliwa upya. Yapo majina yaliyobebwa na watu. Kusini ya mji wa Moshi ipo kata iitwayo Arusha Chini, na umbali kutoka hapo hadi Jiji la Arusha ni mkubwa kiasi kwamba mgeni hushindwa kuelewa "chini" ya nini inayosemwa. Wanahistoria, akiwemo Thomas Spear katika kitabu chake Mountain Farmers cha mwaka 1997, wanaeleza kwamba mababu wa Waarusha walitoka sehemu za Arusha Chini na kukaa kwenye miteremko ya Mlima Meru mnamo miaka ya 1830. Jina la watu lilikuwa jina la mahali pa kwanza na pa pili.

Maneno yaliyotumika kutenganisha sehemu hizo mbili ni ya Kiswahili, lugha ya misafara ya biashara, na katika karne ya 19 ilisemwa Arusha Juu na Arusha Chini. Jiji lilipokua, "Juu" ilidondoka kwa kuwa haikuhitajika tena, "Chini" ikabaki. Hapa kufanana kwa majina ni ushahidi wa kweli wa uhamiaji, lakini ushahidi huo umekubalika kwa sababu unaungwa mkono na masimulizi na historia ya watu. Jina peke yake lisingetosha.

Kufanana kusikothibitisha kitu

Mfano mgumu zaidi ni Meru. Nchini Tanzania ni mlima, watu na wilaya. Nchini Kenya ni watu, mji na kaunti, kando ya Mlima Kenya. Watu wengi wa pande zote mbili husema kwamba Wameru wote ni ndugu waliotengana, na hoja yao kubwa ni jina.

Isimu inatoa picha nyingine. Wameru wa Tanzania hujiita Warwa, na lugha yao, Kirwa, ni ya kundi la Kichaga. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie ina namba E61, ikifuatiwa na Kichaga chenye E62. Kimeru cha Kenya kina namba E53, nacho kimo katika kundi moja na Kikuyu na Kikamba. Masimulizi nayo hayalingani. Baadhi ya koo za Tanzania hutaja Usambara kuwa zilikotoka. Wameru wa Kenya hutaja Mbwaa, mahali pa mwambao. Lugha zote mbili ni za Kibantu, na kwa maana hiyo pana zina asili moja, kama zilivyo na asili moja na Kiswahili. Lakini udugu wa karibu unaodaiwa kwa sababu ya jina hauna mashiko ya kiisimu.

Wapo pia wanaolihusisha jina hilo na Meru, mlima mtakatifu wa maandiko ya Kihindi. Mlima Semeru wa kisiwa cha Java umepata jina lake kutoka huko, na jambo hilo linaeleweka kwa kuwa dini na lugha ya Kisanskriti viliingia Java na kuacha maandishi. Kwa mlima wa Arusha hakuna njia ya namna hiyo inayojulikana. Silabi mbili nyepesi kama me na ru zinaweza kukutana popote duniani.

Jina na haki

Suala hili si mchezo wa wasomi. Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa, New York. Kisa hicho kilielezwa naye pamoja na Earle Seaton katika kitabu The Meru Land Case cha mwaka 1967. Katika nyaraka za serikali ardhi hiyo ilikuwa mashamba yaliyopimwa na kupewa namba. Katika madai ya wananchi ilikuwa mahali penye jina.

Kwa msomaji wa mbali, "Wameru wa Nanyuki" yangeweza kabisa kuwa maneno kuhusu Kenya, ambako Meru na Nanyuki ni miji iliyo jirani. Maneno mawili yaliyofanana yangetosha kumpeleka nchi nyingine. Neno Engare, ambalo upande wa Kenya limedondoka katika jina la mji, ndilo linaloonyesha ardhi inayozungumzwa.

Hitimisho

Mwanafunzi anayekutana na Olasiti mbili na Ilasit moja ana kazi tatu za kufanya. Ya kwanza ni kulichambua jina katika lugha yake: kiambishi ol- kinaashiria umoja wa kiume, na il- wingi wake, kwa hiyo ni halali kuuliza kama Ilasit ni wingi wa Olasiti, lakini si halali kujibu kabla ya kulisikia kwa wasemaji. Kimaasai ni lugha ya toni, na maandishi ya Kiswahili hayaonyeshi toni. Ya pili ni kuuliza kama kuna kitu cha kimaumbile, kama mti, maji au udongo, kinachopatikana katika sehemu zote tatu. Ya tatu ni kutafuta masimulizi ya watu waliohama.

Kazi hizo zinahitaji wazee wanaolitamka jina kwa Kimaasai, na jiji linalokua huwapunguza wazee hao na miti iliyotoa majina kwa pamoja. Umbo la Kiswahili litabaki kwenye vibao na katika hati za viwanja. Umbo la awali lisipoandikwa sasa, pamoja na toni yake na maana yake, kizazi kijacho kitabaki na kufanana tu, na kufanana, kama ilivyoonyeshwa, si ushahidi.