Mtoto Amekaa Kitako? Mnayo Nafasi ya Kuchagua

Jina la mtoto mnalo, nguo mmeshanunua, shangazi wa kuja kulea kashapatikana. Je, mnajua kichwa cha mtoto kiko wapi? Mpenzi msomaji, ukifika wiki ya 36, hilo ndilo swali la kuuliza kliniki.

Katika mimba yangu ya pili, jibu lilikuwa: mtoto amekaa kitako. Siko peke yangu. Mimba ikikaribia kutimia, watoto 3 hadi 4 kati ya 100 huwa wametanguliza makalio au miguu.

Nyumbani kila mtu akawa na lake. "Mwanangu, twende kwa bibi akukande, mtoto atakaa sawa," shangazi akasema. Mume wangu akataka upasuaji, basi. Daktari akatupa njia ya tatu: kumgeuza mtoto kwa mikono, hospitalini.

Anageuzwaje?

Ultrasaundi kwanza, kuona mtoto kakaaje na kondo la nyuma liko wapi. Mapigo ya moyo wake yakapimwa, nikachomwa sindano ya kulegeza mfuko wa uzazi. Kisha daktari akainua makalio ya mtoto kutoka kwenye nyonga na kumsukuma taratibu apinduke. Sikudanganyi, inauma! Lakini ni dakika chache tu, na ukisema basi, anaacha.

Inasaidia?

Kwa wastani nusu hugeuka: kama 40 kati ya 100 kwa mimba ya kwanza, 60 kwa waliokwisha kuzaa. Akishageuka, ni nadra kurudi alivyokuwa, na uwezekano wa kupasuliwa hupungua sana. Hilo si dogo kwa wanaotaka watoto zaidi, maana kovu la upasuaji linaweza kuleta shida ya kondo au mfuko wa uzazi kupasuka mimba zijazo.

Wangu aligoma. Tukapanga upasuaji wiki ya 39, tukaenda mchana kweupe, begi mkononi, bila kukimbizana usiku. Utafiti mkubwa wa mwaka 2000, uliohusisha nchi 26, ulionyesha kuwa kwa mtoto aliyekaa kitako, upasuaji uliopangwa ni salama zaidi kwake kuliko kupanga kumzaa kwa njia ya kawaida.

Na yule bibi?

Kwa heshima zote, hapana. Kwa wanawake kama 200 wanaogeuziwa mtoto hospitalini, mmoja huhitaji upasuaji wa haraka. Bibi hana ultrasaundi wala chumba cha upasuaji. Hata daktari hagusi kama kondo limeziba njia, umetokwa damu karibuni au chupa imepasuka. Na kama kundi lako la damu ni hasi, ulizia sindano ya anti-D.

Kina baba, msibaki kwenye gari. Ingieni kliniki, ulizeni, kisha amueni wawili.